Redio ya elfu arobaini na nane, nimeipima kwa sauti ya Vin Scully

Kijana wa duka aliiwasha kama wanavyowasha wote. Akabonyeza kitufe, akaweka wimbo wa dansi, akapandisha sauti mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. "Afande, sikia besi hiyo." Aliniita afande kwa sababu ya yunifomu, nilikuwa nimetoka zamu moja kwa moja, buti bado zina tope la Lugazi. Nikamwambia besi nimeisikia, sasa zima uweke hii. Nikatoa memori kadi yangu kwenye kikaratasi nilichoifungia, nikampa.

Ikatoka sauti ya mzungu mmoja anayeongea taratibu, kama mtu aliyekaa barazani na jirani yake. Hakuna muziki, hakuna tangazo. Nyuma yake umati unavuma kwa mbali. Kijana akasubiri ngoma ianze, haikuanza.

"Afande, haya ni mahubiri?"

Si mahubiri. Ni besiboli ya Los Angeles, usiku wa tarehe 9 Septemba 1965, na anayeongea ni Vin Scully, mtangazaji wa timu ya Dodgers. Nimenunua redio tatu kwa miaka sita, na hii ni mara ya kwanza kwenda dukani na kipimo changu mwenyewe mfukoni. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa kazi ya usiku, na yeyote anayetaka redio ya kumsikiliza mtu akiongea. Kama unataka ya kuchezeshea harusi, hii itakuaibisha.

Kifaa chenyewe ni kikubwa kidogo kuliko nusu ya mche wa sabuni. Mgongoni kina kisahani cha sola, ubavuni tochi, juu antena ya kuvuta. Kina FM, AM na SW, tundu la flashi, tundu la memori kadi, na bluetooth. Betri yake ni ile BL-5C ya simu za zamani za Nokia, ambayo unaipata hata kwa muuza vocha. Jina lake limeandikwa kwa rangi ya dhahabu, herufi zimefanana kidogo na za kampuni kubwa ya Japani ukiangalia haraka haraka. Silitaji, kwa sababu wiki ijayo utaikuta redio hiyohiyo imebandikwa jina jingine. Itambue kwa umbo. Niliinunua Kampala, kwenye vijiduka vya nyuma ya paki ya zamani ya teksi. Alianza na 65,000, mimi nikaanza na 40,000, tukakutana 48,000.

Sasa nieleze hicho kipimo.

Nilizaliwa Tororo, mji wa mpakani, katika nyumba ya Kiswahili. Redio ya baba ilikuwa inashika Nairobi vizuri kuliko Kampala, kwa hiyo mpira nilioukulia ni ule wa Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya. Mechi ikianza, hakuna kuosha vyombo wala kukohoa. Mbotela alifariki Februari 2025, na siku ile nilimpigia simu kaka yangu aliyebaki Tororo, tukazungumza karibu saa nzima kuhusu mabao ambayo hatukuwahi kuyaona kwa macho. Nasema hivi ili ujue kwamba sikufika kwa Scully nikiwa sijui mtangazaji ni nini.

Aliyeniletea Scully ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Alisomea Lugazi, huku kwenye miwa na kiwanda cha sukari, barabara ya Kampala kwenda Jinja, na shuleni walimfundisha besiboli. Usicheke. Timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto, zile za Little League kule Williamsport, Pennsylvania, ilikuwa ya Lugazi, mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla yake timu nyingine ya Uganda ilikuwa imeshafuzu, ikanyimwa viza, ikabaki nyumbani. Wale wa 2012 walifika, na wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Mpwa wangu hakuwamo. Yeye alikuwa mdakaji wa akiba wa shule, na alichobaki nacho ni kidole kimoja kilichopinda na ugonjwa wa kupenda Dodgers. Ugonjwa ulizidi mwaka 2022, Dodgers waliposajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka huohuo, tarehe 2 Agosti, Scully akafariki akiwa na miaka 94. Ndipo kijana akaniletea kadi.

"Mjomba, wewe hulali usiku. Mimi nimekuwekea wa kukesha naye."

Mimi ni askari wa ghala. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Besiboli ina zamu tisa, mimi nina moja tu, lakini hiyo moja ni ndefu.

Kipimo cha kwanza ni sauti ya mtu. Redio nyingi za bei hii zimetengenezwa kwa ajili ya muziki. Spika ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai inalazimishwa kutoa besi, na mtu akiongea anakuwa kama yuko ndani ya pipa. Ya kwanza niliyowahi kuwa nayo ilikuwa hivyo. Hata taarifa ya habari niliisikia kama ugomvi wa nyumba ya pili. Hii haina besi ya maana (kijana wa duka alidanganya, au masikio yake yamekufa), na hilo ndilo linaloiokoa. Sauti ya Scully inatoka kavu na safi, na mwisho wa kila neno unausikia. Weka sauti nusu, usizidi robo tatu, maana hapo spika inaanza kukwaruza.

Na sauti yenyewe inastahili. Scully alianza na Dodgers mwaka 1950, timu ikiwa bado Brooklyn, yeye ana miaka 22, ametoka juzi chuo cha Fordham. Aliyemlea kikazi ni Red Barber, mtangazaji mkubwa wa enzi ile, na malezi yake yalikuwa makali kidogo. Usiwasikilize watangazaji wengine, utaanza kuwaiga. Usishangilie timu. Huyu bwana alikaa na timu moja misimu 67, mpaka 2016, akilipwa kwa sababu yao, na bado ukimsikiliza hakuambii "sisi". Anasema Dodgers wamefanya hivi, wale wengine wamefanya vile, na mpigaji wa timu pinzani anamsimulia kwa heshima, katoka wapi, kafika vipi. Linganisha na redio zetu za FM Jumamosi jioni. Mtangazaji akiwa wa Arsenal, hata bodaboda aliyesimama nje ya dirisha anajua.

Tena alikaa peke yake. Watangazaji wengi wanakaa wawili watatu chumbani, wanataniana, na wewe msikilizaji unakuwa mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Scully hakuwa na wa kutaniana naye, akaongea na wewe. Kiingereza changu ni cha kambini, cha amri na ripoti, mengi yananipita. Lakini nikiwa peke yangu getini saa tisa usiku najua ninaongeleshwa.

Kipimo cha pili ndicho kinachoziangusha redio. Ni umati.

Scully alikuwa akisimulia mwenyewe kwamba alipokuwa mtoto wa miaka kama minane, huko New York, nyumbani kwao kulikuwa na redio kubwa ya miguu minne iliyosimama kama meza. Alikuwa akichukua mto, maziwa na biskuti za chumvi, anatambaa chini ya redio, kichwa kiko chini ya spika. Mechi ilikuwa ya vyuo vya mbali, timu hazijui, hazimhusu. Alichofuata ni kelele za watu. Umati ukilipuka, anasema, ilikuwa kama maji ya bafu yanamshukia mwili mzima.

Ukilijua hilo, utaelewa alichofanya tarehe 8 Aprili 1974, Atlanta. Hank Aaron anapiga mpira unavuka ukuta, mara yake ya 715, anavunja rekodi ya Babe Ruth ambayo watu walidhani haitavunjwa. Mtangazaji mwingine angepasua koo. Scully alitaja kilichotokea, kisha akanyamaza, akawaacha watu wapige kelele zao muda mrefu. Aliporudi ndipo akasema lile jambo kubwa: mtu mweusi anashangiliwa na watu waliosimama, kusini kabisa mwa Marekani, kwa kuvunja rekodi ya shujaa wao. Mpwa wangu alinitafsiria mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia nyamaza, nimeelewa.

Oktoba 1988 akarudia, safari hii kwenye televisheni. Mechi ya kwanza ya fainali, Dodgers wako nyuma 4-3, zamu ya tisa, wamebakiza mtu mmoja tu wa kutolewa, na mwenzao yuko kituoni anasubiri. Anatoka Kirk Gibson, miguu yote miwili mibovu, anachechemea. Anapiga mpira unavuka ukuta. Scully anasema umekwenda, kisha hasemi tena zaidi ya dakika nzima. Dakika nzima hewani! Hapa kwetu sekunde kumi za kimya zingetosha bosi kukimbilia studio akidhani mtambo umekufa.

Basi, kwenye kimya hicho ndipo redio mbaya inapoumbuka. Redio yangu ya pili iligeuza umati wote ukawa mvua juu ya bati. Shaaa, basi. Hii mpya, kwa sauti ya nusu, unasikia kwamba ni watu. Kuna mluzi, kuna makofi ya karibu na vifijo vya mbali, na unawasikia wanavyopanda na kushuka. Si kama kukaa uwanjani, nisikudanganye, spika ni moja na ni ndogo. Lakini nilipoiweka juu ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa ikaongezeka unene kidogo. Jaribu.

Kuna kisa kimoja nakipenda kuliko vyote, nacho ni cha redio ndogo kama hii. Mwaka 1958 Dodgers walihama Brooklyn wakaenda Los Angeles. Uwanja wao haukuwa umejengwa, wakawekwa kwenye Coliseum, ule wa Olimpiki. Siku ya kwanza waliingia watu zaidi ya 78,000. Uwanja wa riadha ukiuchezea besiboli, kuna watu wanakaa mbali mno, mchezaji wanamwona kama mchwa. Tena watu wa Los Angeles hawakuwa wamewazoea wachezaji hao. Wakafanya walichofanya wazee wetu Nakivubo na Namboole: wakaja na redio. Ndiyo miaka redio za transista zilipokuwa zimeanza kuingia mifukoni. Maelfu wamekaa uwanjani, mchezo uko mbele yao, na sikioni wanaye Scully anawaambia wanachokiona.

Siku moja mwaka 1960 mchezo ulipoa. Scully akawa anapekua karatasi zake akaona kwamba mmoja wa waamuzi, Frank Secory, siku hiyo ni siku yake ya kuzaliwa. Akawaambia wasikilizaji: nikihesabu moja, mbili, tatu, mpigieni kelele mumtakie heri. Akahesabu. Uwanja mzima ukapiga kelele kwa pamoja ukimtaja mwamuzi jina. Huyo mwamuzi amesimama pale katikati, hana redio, hajui limetoka wapi. Mimi kisa hicho nimekisimulia kwenye kibanda cha rolex mpaka mkaangaji chapati akaniomba niache, wateja wanasahau kulipa.

Sasa ubaya wa redio, na upo.

Ubaya wa kwanza ni mwanamke. Ndani ya redio kuna mwanamke ambaye ukiiwasha tu anatangaza kwa Kiingereza kwamba bluetooth iko tayari. Huwezi kumpunguza. Teremsha sauti hadi mwisho, yeye anaongea kwa sauti yake ileile. Usiku wa kwanza niliiwasha saa nane, mbwa watatu wa jirani wakamjibu, na msimamizi aliyekuwa amelala ofisini akanipigia simu kuuliza ni mgeni gani wa kike yuko getini. Nimejifunza kuiwasha ndani ya koti.

Wa pili ni taa. Spika imezungukwa na taa za rangi zinazocheza zenyewe, nyekundu, bluu, kijani. Kwa kijana wa bweni sawa. Kwa askari ni kumwambia mwizi, mimi niko hapa, nakuonyesha hata uso. Hakuna kitufe cha kuzizima. Niliziba kwa utepe mweusi wa fundi umeme, shilingi 1,000, lakini usizibe vitundu vya spika kama nilivyofanya mimi mwanzo nikaja kulaumu redio bure.

Wa tatu umenikera zaidi. Haina kumbukumbu. Ukiizima ukaenda kuzunguka ghala, ukirudi inaanza upya kutoka faili la kwanza. Na mafaili haiyapangi kwa majina, inafuata lililonakiliwa kwanza. Kwenye kadi yangu la kwanza ni mahubiri ya kweli, ya mchungaji wa dada yangu, aliyoyaweka bila kuniuliza. Kwa hiyo kila nikirudi kutoka mzunguko nakutana na Nabii Yona, halafu nabonyeza mara nne ndipo nampata Scully. Dawa ni kusimamisha bila kuzima. Betri inaliwa, lakini utafanyaje.

Tochi ni nzuri, inamulika mpaka ukuta wa pili. Ukiiwasha huku unasikiliza AM, redio inakoroma. FM na kadi hazisumbuki. Sola ni pambo. Niliianika siku nzima ya jua kali nikapata kama saa moja ya kusikiliza. Ichaji kwa waya wa simu. Betri ikijaa inakwenda saa sita na ushee kwa sauti ya nusu, yaani nusu ya zamu yangu. FM hapa Lugazi, na msitu wa Mabira ubavuni, inashika vizuri: CBS kwenye 88.8 inaingia bila hata kuvuta antena. SW nimepata Kichina, Kiarabu na upepo.

Bluetooth inafanya kazi hatua kama sita, ukiweka ukuta katikati inakatika. Naitumia alfajiri tu, mpwa wangu akiwa likizo. Dodgers wakicheza nyumbani, mechi yao ya saa moja na dakika kumi jioni ya Los Angeles kwetu ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Anakuja getini na simu yake na chai kwenye thamosi, tunaiunganisha, tunasikiliza mpaka mwenzangu wa mchana anakuja kunipokea. Ni watangazaji wengine siku hizi. Wanajua kazi. Mpwa anasema mimi nawaonea, nawapima kwa marehemu.

Hapo ndipo aliponieleza habari ya Jaime Jarrín, na nikampenda papo hapo. Huyu alizaliwa Ecuador, akahamia Los Angeles mwaka 1955, akawatangaza Dodgers kwa Kihispania kuanzia 1959 mpaka 2022. Miaka ya mwanzo, timu ikisafiri, yeye na mwenzake walibaki studio. Wanamsikiliza Scully kwa Kiingereza, na papo hapo wanautangaza mchezo kwa Kihispania kana kwamba wako uwanjani. Nikacheka. Hao ni mavijei! Ndicho wanachofanya vijana wetu kwenye vibanda vya video, filamu inasema yake, yeye anakusimulia kwa Kiganda, na wakati mwingine masimulizi yanaizidi filamu. Basi Scully, bila kukusudia, alikuwa akiwasomesha besiboli hata watu wasiojua lugha yake. Mimi nikiwa mmoja wao, miaka sitini baadaye, kupitia kijana mwenye kidole kilichopinda.

Narudi kwenye ile rekodi ya dukani, kwa sababu ndiyo inayonifanya nisijute zile 48,000.

Ni zamu ya tisa, Dodgers na Cubs. Mrushaji ni Sandy Koufax. Mpaka hapo wamekuja wapigaji 24, na wote 24 wamerudi kukaa. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga kituo cha kwanza. Wamebaki watatu. Akiwatoa nao, ni mchezo kamili, kitu ambacho mrushaji hodari anaweza kucheza maisha yake yote asikipate. Scully anajua mkanda unarekodi. Anajua Koufax ataukumbatia uzeeni. Kwa hiyo anafanya kitu ambacho askari yeyote anakijua, kile cha kwenye daftari la matukio: anaandika tarehe na saa. Anataja tarehe. Anataja saa na dakika. Baada ya muda anataja tena. Anaeleza Koufax anavyofuta jasho kwenye suruali, anavyoivuta kofia yake. Anasema uwanjani kuna watu elfu ishirini na tisa na vipepeo milioni moja.

Vipepeo vilinishinda. Nilidhani ni msimu wao, kama senene wa Novemba. Mpwa akanieleza kwamba kwao mtu akiwa na wasiwasi vipepeo humrukia tumboni. Nikamwambia si useme tu tumbo joto. Watu elfu ishirini na tisa, na matumbo joto elfu ishirini na tisa.

Wa kwanza straiki tatu, nje. Wa pili, nje. Wa tatu ni Harvey Kuenn, mzoefu. Mpira unarushwa, anachapa hewa, Scully anasema ni mchezo kamili, kisha ananyamaza. Umati peke yake. Halafu anarudi na kutaja saa kwenye ubao wa matokeo, saa tatu na dakika 46 usiku. Huku kwetu ilikuwa tayari Ijumaa asubuhi, baba yangu Tororo pengine anatafuta kiatu.

Tangu nimsikie hivyo nimebadilisha namna ninavyoandika daftari langu. Zamani: "Usiku shwari." Sasa: "Saa nane na dakika 10, lori la miwa limepita, halina taa ya nyuma." Msimamizi ameuliza kama nina ugomvi na mtu.

Rekodi ya mwisho kwenye kadi ni ya tarehe 2 Oktoba 2016, San Francisco. Dodgers walifungwa 7-1, mchezo wenyewe haukuwa na kitu. Scully ana miaka 88. Miaka hiyo redioni alikuwa anatangaza zamu tatu za kwanza tu, zinazobaki ni za televisheni, kwa hiyo ukitafuta rekodi tafuta za zamani. Lakini tarehe hiyo ina hadithi. Tarehe 2 Oktoba 1936, mtoto Vin akitoka shule alipita dobi ya Mchina, dirishani kumebandikwa matokeo ya fainali: Yankees 18, Giants 4. Akawahurumia waliofungwa, akawa shabiki wa Giants hapohapo. Miaka 80 kamili baadaye, siku kwa siku, anatangaza mchezo wake wa mwisho, na waliokuwa wenyeji ni Giants. Hakuwashangilia. Kwenye kimya cha mwisho cha rekodi hiyo redio hii inakoroma kidogo, lakini nadhani kosa ni la aliyenakili.

Je, uinunue? Kwa 48,000, ndiyo, ukiwa na utepe mweusi na koti zito. Kwa 65,000, hapana. Nenda na kadi yako mwenyewe, yenye mtu anayeongea na umati nyuma yake, usikubali akuwekee wimbo wake.

Wiki iliyopita nilirudi palepale kutafuta betri ya pili, ili zamu nzima ienee. Kijana akanijua nikiwa bado mlangoni. "Afande wa mahubiri!" Akaniuliza yule mzee alishinda? Nikamwambia aliyeshinda ni Koufax, yule mzee alikuwa anatangaza tu. Akafikiri kidogo. Akanipa betri kwa elfu sita, nikampa tano.